Mfalme Njoya Mbele ya Kamera

Kuhusu picha za viongozi wa Kiafrika zilizopigwa enzi za ukoloni, wapo wanaoshikilia kwamba kamera ilikuwa silaha ya mtawala, iliyomgeuza mfalme kuwa pambo la kadi ya posta, na wapo wanaosema viongozi hao walijua vyema walichokuwa wakikifanya. Picha za Njoya, mfalme wa Wabamum wa Foumban nchini Kameruni, zinazipa nguvu hoja zote mbili, ingawa si kwa kiwango kimoja.

Wajerumani, waliokuwa wakiitawala Tanganyika wakati huohuo, walifika Foumban mwaka 1902, na Njoya akachagua kuelewana nao. Katika baadhi ya picha za miaka iliyofuata amevaa sare ya kijeshi ya mtindo wa Kijerumani, na mtazamaji wa leo ni rahisi kudhani kwamba alivishwa. Sivyo. Sare hizo zilishonwa na mafundi wa ikulu yake, tena wakati ambapo wakoloni wengi walimdhihaki Mwafrika aliyevaa suruali. Baadaye aliziacha mwenyewe, akapendelea majoho mapana ya Kihausa. Mtu anayebadili mavazi yake kadiri siasa inavyobadilika hawezi kuitwa sanamu ya mpiga picha.

Hata hivyo, uwezo wake uliishia pale picha ilipoondoka Foumban. Kitazame kiti cha enzi cha baba yake, Nsangu: kimefunikwa shanga na simbi, nyuma yake zimesimama sanamu za pacha wawili, na penye egemeo la miguu kuna sanamu za watu walioshika bunduki. Mwaka 1908 Njoya alikitoa zawadi kwa Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani, na hadi leo kiko Berlin. Picha nazo zilishika njia hiyohiyo ya Ulaya. Hata zile za Anna Wuhrmann, mwalimu wa Misheni ya Basel aliyeishi Foumban kuanzia 1911 hadi 1915, ambazo kwa maoni yangu zinamtazama mtu usoni kwa heshima isiyo ya kawaida kwa wakati ule, ziliingia katika hifadhi ya misheni, na maelezo yaliyoandikwa chini yake hayakuwa ya Wabamum. Dhuluma hii ni kubwa, kwa kuwa Njoya alikuwa amebuni hati ya kuandikia lugha yake na kuandikisha historia ya watu wake. Maneno ya kuzieleza picha hizo hayakukosekana kwao.

Kwa hiyo naegemea upande wa pili kwa habari ya mavazi na mkao, na upande wa kwanza kwa habari ya umiliki. Umaarufu wa sura yake haukumkinga: Wafaransa, waliotawala baada ya Wajerumani, walimhamishia Yaoundé mwaka 1931, akafia huko mwaka 1933. Makumbusho zinazozionyesha picha hizo leo zina wajibu wa kueleza nani alipiga, nani alishona nguo, na picha iliondokaje, na kuziweka kando ya michoro ya wafalme wa Bamum iliyochorwa na Ibrahim Njoya, msanii wa Foumban kwenyewe, wajina wa mfalme.