Mzanzibari, mkaazi na barua ya sheha

Uraia ni jambo la Muungano. Raia wa Tanzania ni nani, jibu liko katika Sheria ya Uraia ya 1995, yenye njia tatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi, yaani mgeni kuomba na kupewa uraia.  Sheria ya Mzanzibari ya 1985 haitengenezi uraia wa pili. Inachagua tu, miongoni mwa raia wa Tanzania, nani aitwe Mzanzibari, na kigezo chake kikubwa ni tarehe: aliyekuwa akiishi Visiwani hadi 12 Januari 1964, au aliyezaliwa hapa baada ya Muungano na baba au mama yake ni Mzanzibari.

Mpaka hapo hakuna ugomvi mkubwa. Ugomvi unaanza likiongezwa neno "mkaazi", kwa sababu kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichokuja na sheria ya 2005, ndicho kinachomfikisha mtu kwenye daftari la wapiga kura.

Wanaotetea sharti la ukaazi wana hoja nzito. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wasiofika milioni mbili Zanzibar nzima, na majimbo yetu ni madogo. Watu mia chache wakiletwa wiki za mwisho wanaweza kupindua matokeo ya jimbo. Anayechagua mwakilishi wa jimbo kama Konde awe ni mtu atakayeishi Konde na matokeo yake.

Lakini mchukue mvuvi wa Micheweni, Pemba, anayekwenda dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na kwao, miezi Tanga, miezi Mafia, mke na watoto wako kijijini. Mzanzibari ni, tena bila shaka. Mkaazi je? Tarehe inathibitishwa kwa cheti cha kuzaliwa. Ukaazi unathibitishwa kwa barua ya sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa au kijiji, na sheha huteuliwa na mkuu wa mkoa. Ndiyo maana mwaka 2009 uandikishaji wa wapiga kura Pemba ulifika mahali ukasimamishwa kwa muda, watu wakilalamika kwamba wamenyimwa vitambulisho.

Sisemi sheha aondolewe. Anawajua watu wake kuliko kompyuta yoyote ya mjini, na bibi aliyezaliwa nyumbani bila cheti hana shahidi mwingine. Ila kumjua mtu ni jambo moja, kumkatia haki yake ni jingine, na sheria inayoliacha neno zito namna hii wazi inamlazimisha sheha awe hakimu.

Kuifunga tafsiri ya mwenye haki kwa tarehe na karatasi zake peke yake, bila ukaazi, nako kuna hatari. Wapemba waliohamia pwani ya Kenya, wengi kwa uvuvi huo huo, waliishi huko vizazi kadhaa bila karatasi mpaka serikali ya Kenya ilipowatambua mwaka 2023. Makaazi walikuwa nayo miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni maandishi ya kuyapa nguvu.

Kwa hiyo naegemea upande wa kubakisha ukaazi, lakini uandikwe kwa vipimo: miezi mingapi ya kutokuwepo inavunja ukaazi, kazi gani haihesabiwi kuwa ni kuhama, karatasi zipi zinatosha. Na sheha anayekataa kutoa barua aandike sababu, aweke sahihi na tarehe, ampe mwombaji nakala yake siku hiyo hiyo.