Kifungo cha Miaka Saba Hakiwalindi Wanawake wa Malaba

Kanuni ya Adhabu ya Uganda inasema kwamba anayefanya ukahaba anaweza kufungwa hadi miaka saba, na wengi huamini kuwa uzito wa adhabu hiyo ndio unaolinda maadili ya nchi. Mimi ni muumini na siutetei ukahaba. Hata hivyo, naona adhabu hiyo ifutwe kwa yule anayeuza mwili wake, wala nafasi yake isichukuliwe na leseni au daftari la serikali.

Atakayefika Malaba au Busia, miji iliyo kwenye mpaka wa Uganda na Kenya, jioni, malori yakiwa yamepanga foleni kusubiri forodha, ataikuta biashara hii ikiendelea kwenye baa na gesti, na polisi wanaijua. Ni nadra kesi yenye adhabu ya miaka saba kufika mbele ya hakimu. Mara nyingi mwanamke hukamatwa kwa kosa dogo, akalazwa mahabusu, kisha akaachiwa baada ya kutoa alichonacho. Sheria hiyo humtaja anayejitoa kwa malipo, lakini anayelipa haguswi. Basi mteja akikataa kulipa, akavua kondomu bila ridhaa au akampiga, anajua kwamba mwanamke huyo hawezi kuandikisha malalamiko kituoni bila kujishtaki mwenyewe. Mwenye gesti naye anajua, na bei ya chumba hupanda kwa sababu hiyo.

Madhara makubwa zaidi yako kwenye afya. Inakadiriwa kuwa takriban mwanamke mmoja kati ya watatu wanaofanya kazi hii nchini anaishi na virusi vya UKIMWI, ilhali kwa watu wazima wote kiwango ni kati ya 5 na 6 katika kila 100. Wizara ya Afya inalifahamu jambo hili, na ndiyo maana katika hospitali ya Mulago, Kampala, ilianzishwa kliniki ya MARPI ya kuwahudumia watu walio katika hatari kubwa ya maambukizi. Lakini kondomu ambazo mwanamke amepewa na muuguzi zinaweza kugeuzwa ushahidi dhidi yake zikikutwa mkobani, naye akishalijua hilo ataziacha nyumbani.

Wako watakaosema kwamba kuondoa adhabu ni kubariki dhambi. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilibatilisha kifungu kilichoufanya uzinzi kuwa jinai, na hakuna kanisa wala msikiti ulioacha kuukemea. Taifa ambalo kaulimbiu yake ni “Kwa Mungu na Nchi Yangu” linaweza kuwaachia viongozi wa dini mahubiri, na polisi wakashughulika na wanaobaka na wanaopora.

Usajili nao siuungi mkono, ingawa wengi huuona kuwa njia ya kati. Senegali imewasajili makahaba tangu mwaka 1969, ikiwataka wawe wametimiza miaka 21 na wapimwe afya mara kwa mara, na bado wengi hujificha wasijulikane. Katika mji mdogo wa mpakani, ambako muuguzi ni jirani na askari ni shemeji, ni nani atakayekubali jina lake liandikwe? Napendelea njia ya New Zealand, ambayo mwaka 2003 iliondoa makosa hayo na kuwaruhusu wanawake wasiozidi wanne kufanya kazi pamoja bila leseni, ili asiwepo wa kuwamiliki. Nchi hiyo, hata hivyo, iliwaacha nje wageni wenye viza za muda. Kwetu, ambako wanawake huvuka kutoka Kenya kila siku, kasoro hiyo isirudiwe.

Sheria ya mwaka 2009 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu ibaki na itumike kwa ukali, hasa kwa wanaowaingiza watoto katika biashara hii na wanaoishi kwa jasho la wanawake waliolazimishwa.

Mwaka 2021 Rais alikataa kutia saini Muswada wa Makosa ya Kujamiiana. Muswada kama huo ukirudi bungeni, kipengele cha kwanza ninachotaka kukiona ni kinachoamuru kwamba mtu anayeripoti kubakwa, kupigwa au kudhulumiwa asiulizwe kwanza anafanya kazi gani.