"Team is" au "team are"? Ticha asikimbilie kukata

Huku kwetu Kirumba, Mwanza, kuna ubishi kati ya mzazi na ticha wa tuisheni, umeanzia kwenye daftari la mtoto wa form two. Dogo kaandika "The team are arguing among themselves", ticha kakata "are" na wino mwekundu, juu yake kaweka "is", basi. Mzazi anasema mbona kwenye mpira wa Uingereza kila siku tunasikia "England are", ticha anajibu timu ni moja.

Ticha ana hoja, tena nzito. Darasa likiwa na watoto wengi kanuni moja inarahisisha sana, na Wamarekani ndo wanavyoandika, team, government, family, zote wanazipa umoja. Hata jina la nchi yao lilihama, katiba yao ya 1787 kwenye kipengele cha uhaini inaitaja nchi kwa wingi, "against them", leo husikii Mmarekani akisema "the United States are".

Ila hebu isome ile sentensi baada ya kusahihishwa: "The team is arguing among themselves". Imeanza umoja imeishia wingi, na ukiweka "itself" ndo unaharibu kabisa, maana kitu kimoja kitabishana chenyewe kwa chenyewe vipi? Hapo Mwingereza anaangalia maana, kama ni wachezaji kila mtu na lake anasema "are", kama ni timu kwa ujumla wake "is" inatosha. Na sisi mbona tunafanya hivyohivyo bila kufundishwa na mtu, tunasema Pamba Jiji ilipanda ligi kuu 2024, halafu mechi ikiisha pale CCM Kirumba watu wanatoka wanasema Pamba leo wamecheza, na hakuna anayeona kosa.

Halafu kuna "police", hiyo ni "are" tu, Marekani na Uingereza kote, sasa mtoto aliyekaririshwa kwamba kundi ni "is" si anaingia mkenge?

Mimi kwa form one naanza na "is", sawa, na kwenye mtihani mtoto ashike moja asichanganye. Lakini yule dogo alistahili vema yake, na ticha kama ile "are" inamkera angemwonyesha aandike "The members of the team are arguing", hapo hata Mmarekani habishi.