Kabla ya kisu, nani amemuuliza mgonjwa?

Fomu ya ridhaa huletwa asubuhi, mgonjwa hajala tangu usiku, keshavishwa gauni, machela iko mlangoni. Nesi anaonyesha pa kutia sahihi. Asiyejua kuandika anatia dole gumba. Mara nyingi hata anayesaini si mgonjwa bali mwanawe mkubwa wa kiume, na swali linaloulizwa ni moja tu: mmekubali? Hakuna aliyemuuliza mzee anataka nini mambo yakienda mrama. Awekwe kwenye mashine ya kupumulia? Kwa siku ngapi? Na akizinduka hawezi kutembea wala kujilisha, je, maisha hayo atayaridhia?

Marekani jambo hili limewekewa sheria. Tangu Desemba 1991, hospitali zinazolipwa na bima za serikali hutakiwa kumweleza kila mtu mzima anayelazwa kwamba ana haki ya kuacha maagizo ya maandishi kuhusu matibabu yake. Wataalamu wa usingizi wa huko nao walikubaliana mwaka 1993 kwamba agizo la kutoshtuliwa moyo ukisimama lisifutwe kimyakimya kwa sababu tu mgonjwa anaingia thieta. Lijadiliwe naye upya kwanza. Kwetu wapo wanaotaka utaratibu kama huo hata kesho, na wapo wanaouona ni mambo ya kizungu yasiyo na kazi huku. Kila upande una nusu ya kweli, ingawa kwa mtazamo wangu nusu hizo hazilingani.

Chukua saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ambayo imeuandama ukanda huu wetu wa mashariki ya Afrika, Bomet kule Kenya pakiwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi. Wengi hufika hospitali wakati hata uji haupiti. Upasuaji wa kuondoa umio ni mzito: tumbo hufunguliwa, mara nyingi na kifua pia, kisha mfuko wa chakula huvutwa juu ushike nafasi ya kilichokatwa. Njia nyingine ni stenti, kibomba cha waya kinachopitishwa kooni bila kupasua, kazi ambayo hospitali ya Tenwek huko Bomet inajulikana kwayo. Stenti haiponyi saratani. Lakini mtu anameza tena, na mara nyingi anarudi nyumbani mapema.

Yupo mgonjwa ambaye saratani yake haiko mwanzoni wala haijafika mwisho, na hapo vipimo peke yake havimalizi ubishi. Mmoja atasema, "Daktari, nipasue tu, nina mtoto darasa la nne." Mwingine atasema anachotaka ni kukaa mezani na wajukuu zake Krismasi hii. Ugonjwa ni ule ule, tiba ni mbili, na kinachoamua ni kile mgonjwa anachokitafuta. Asipoulizwa, daktari ataamua kwa lengo lake yeye, na mpasuaji aliyefunzwa vizuri lengo lake tunalijua.

Hoja inayokuja mbele upesi kwa wapinzani ni uchuro: kumtajia mtu kifo usiku wa kuamkia upasuaji ni kumvunja moyo, pengine kumwitia hicho kifo. Siidharau, kwa sababu hofu humdhoofisha mgonjwa kweli. Ila tujiulize mbona mwenda Hija wa pwani hulipa madeni yake, huwaomba radhi jirani na ndugu, huacha wosia, ndipo akapanda ndege, na hakuna anayemwambia analeta uchuro. Anasifiwa kwa kujiandaa. Tunausia shamba, nyumba na hata ng'ombe. Mwili wenyewe ndio tunaouacha bila neno.

Hoja ya familia ina uzito zaidi. Bibi akiulizwa anajibu, "Fanyeni mnavyoona, wanangu," na daktari aliyesoma vitabu vya nje anaandika kwamba mgonjwa ameshindwa kuamua. Kumbe ameamua: amewapa wanawe. Hilo ni jibu halali, mradi ametoka nalo yeye mwenyewe, si kwa kuwa watoto wamemzunguka kitanda na kusema kwa niaba yake. Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe kuhusu mashine. Liwe: ungependa kuelezwa kiasi gani, na tuzungumze na nani?

Linaloniogopesha hasa ni pesa. Pale ambapo vitanda vya wagonjwa mahututi ni vya kuhesabu, na bili ya kila siku inawaangukia ndugu waliokwisha kuuza mbuzi na kukopa kwenye vikoba, mazungumzo kuhusu "unachotaka" yanaweza kugeuka njia ya upole ya kumwambia maskini akae pembeni. Mama atasema hataki mashine, na sote tutaandika kwamba hayo ni matakwa yake, kumbe alichokataa ni kuwaachia wanawe deni. Sijaona anayetetea maagizo ya maandishi akilijibu hili vizuri. Angalau daktari aulize waziwazi: kama gharama isingekuwepo, ungesemaje? Jibu likibadilika, basi kilichoandikwa kwenye faili ni umaskini.

Halafu ni wagonjwa gani tunaowazungumzia? Utafiti mkubwa wa upasuaji barani Afrika, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2018, ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25. Wastani wa umri wao haukufika miaka 40, zaidi ya nusu walipasuliwa kwa dharura, na theluthi moja hivi walikuwa wanawake waliojifungua kwa upasuaji. Hata hivyo, walikuwa katika hatari ya kufa mara mbili ya wastani wa dunia, na vifo karibu vyote vilitokea siku za baada ya upasuaji, si mezani. Binti wa miaka 22 aliyetoka kujifungua hahitaji kuulizwa kuhusu mashine. Anahitaji damu ya akiba na nesi wa kumpima presha usiku. Hapo wapinzani wana haki kabisa, na kulazimisha fomu nyingine kwa kila anayeingia thieta ni kumwongezea nesi huyo huyo makaratasi.

Kwa hiyo naona mazungumzo haya yawalenge wachache: mzee aliyevunjika nyonga, mwenye saratani iliyoenea na utumbo umeziba, mgonjwa wa kisukari anayeambiwa mguu ukatwe. Nao wasijaziwe asilimia. Daktari mpasuaji wa Wisconsin, Marekani, Margaret Schwarze, na wenzake walibuni njia ya kusimulia: mambo yakienda vizuri kabisa siku zako zitakuwa hivi, yakienda vibaya kabisa hivi, na ninavyotarajia mimi ni hapa kati. Kwa watu waliolelewa kwa hadithi, njia hiyo haihitaji kutafsiriwa sana. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 tayari inamtaka mhudumu aeleze hatari, faida, gharama na haki ya kukataa, kwa lugha anayoielewa mgonjwa. Machela ikiwa mlangoni, sharti hilo halitimiziki. Mahali pake ni kliniki, siku ya kupangiwa tarehe.

Na kuzungumza tu hakutoshi. Utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 1995, uliohusisha wagonjwa mahututi zaidi ya 9,000, uliwapa manesi kazi ya kuzungumza na wagonjwa na kuwafikishia madaktari matakwa yao, lakini matibabu hayakubadilika. Lililosemwa kliniki mchana lisipokuwa ukurasa wa mbele wa faili, daktari wa zamu anayeitwa saa nane usiku, mgonjwa akiishiwa pumzi na ndugu wakilia koridoni, ataweka mpira wa kupumulia kwanza.