Koala wa Budj Bim: risasi za angani zilikuwa huruma?

Machi 2025 radi iliwasha moto katika Hifadhi ya Taifa ya Budj Bim, kusini-magharibi mwa jimbo la Victoria, Australia. Takriban hekta 2,200 ziliteketea. Baada ya hapo serikali ya jimbo ilipandisha walenga shabaha kwenye helikopta, nao wakaua koala zaidi ya 700, wanyama wa Australia wanaoishi mitini na kubeba mtoto katika mfuko wa ngozi tumboni. Watu walighadhibika, na sishangai. Hata hivyo, hoja ya serikali, kwamba iliwakatizia mateso wanyama walioungua na kukosa chakula, haifai kutupwa bila kupimwa.

Koala hahamishiki kirahisi. Chakula chake ni majani ya mikaratusi, yenye sumu na lishe haba, ndiyo maana hulala hadi saa 20 kwa siku. Kuyameng'enya kunategemea bakteria wa tumboni, ambao mtoto huwapata kwa kula kinyesi laini cha mama yake anapokaribia kutoka mfukoni. Bakteria hao wakishazoea aina moja ya mkaratusi, aina nyingine yaweza kumshinda. Mwaka 2013 kule Cape Otway, pia Victoria, koala walimaliza majani ya mti wao wanaoupenda, kisha wengi wakafa njaa ilhali mikaratusi ya aina nyingine ilikuwa jirani. Kwa hiyo mtaalamu akisema koala aliyeungua miguu, juu ya mti usio na jani, atateseka mpaka afe, namwamini. Isitoshe, Budj Bim ni nchi ya mawe ya volkano, na miti iliyoungua huanguka wakati wowote. Kuwafuata kwa miguu kulikuwa hatari kweli.

Wapinzani nao wanauliza: ukiwa angani, utajuaje kama nyayo zimeungua? Utajuaje kama mfukoni mna mtoto, naye hukaa humo miezi sita hivi? Serikali ilijibu kwamba kila mnyama alikaguliwa kwanza. Kwangu jibu hilo halitoshi. Uamuzi mzito kiasi hicho ulihitaji mashahidi wasio waajiriwa wake.

Lakini risasi ni mwisho wa kisa. Hifadhi hii imezungukwa na mashamba ya mikaratusi ya biashara. Koala huingia humo, huzaana, na miti ikivunwa hukimbilia msitu uliobaki, wakajazana. Kaskazini hali ni kinyume: Februari 2022 serikali ya shirikisho iliwatangaza koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu kuwa hatarini kutoweka. Wapo wanaopendekeza wa kusini wapelekwe huko, ila wengi wao ni uzao wa wachache walionusurika visiwani baada ya biashara ya ngozi, na majani ya kaskazini si waliyoyazoea.

Kumuua aliyeungua vibaya nakubali. Nisichokubali ni mashamba kukatwa bila mwenye shamba kulazimishwa kuacha miti ya kutosha, na dawa za kuzuia uzazi, ambazo Victoria imekuwa ikizitumia kwa miaka, kutotangulia mavuno hayo.