Shida si usafi wa mayi, ni namna yanaganda

Mwandishi wa makala moja nilisoma anasema eti barafu ya festivali ya Harbin kule China inangaa kama kioo sababu mayi ya mto Songhua ni safi sana. Apana, hapo siitike. Mimi nagandisha mayi mu konjelateri (friza) hapa Birere, mu Goma, tangu myaka mingi, nauzisha ku bamama ba sambaza (samaki kidogo) ba soko ya Kituku, na hata uchemshe mayi uyachuje mara mbili, kipande kinatoka na moyo mweupe katikati kama fufu ya muhindi, ukikigonga na panga njo hapo hapo kinapasukia. Sababu konjelateri inapiga baridi pande zote mara moja, hewa inakosa pa kutokea inajikusanya ndani. Mto wenyewe unaganda kutoka juu tu, polepole, hewa inasukumwa chini, njo banakata na misumeno vile vipande vikubwa bila povu, banajengea minara na kuingiza taa za rangi. Na yale masanamu ya festivali ya Sapporo kule Japani, mu bustani ya Odori, yenye ilianzaka 1950 na masanamu sita ya banafunzi, ile ni theluji ya kushindilia, weupe ni kawaida yake, asichanganye (theluji na barafu si kitu kimoja jamani). Siku moja nilifunga ndoo na blanketi chini na pembeni nikaacha juu wazi, kuran (umeme) ikakatika mu kati, lakini kile kidogo cha juu kilitoka safi mupaka unaona vidole vyako ngambo. Kuko mutu wa Bukavu alishajaribu hivyo akafikisha ndoo nzima?