Silaha uziuze, askari wabaki nyumbani

Tarehe 10 Aprili 1979 Rais Jimmy Carter alitia saini Sheria ya Uhusiano na Taiwan. Kesho yake Kampala ikatekwa na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wetu wa UNLA, Waganda waliompinga Idi Amin. Hapa Uganda tunaikumbuka hiyo ya pili tu, lakini mimi ile ya kwanza ndiyo hunirudia kila Taiwan inapotajwa redioni.

Carter alikuwa ameshaitambua Beijing, yaani serikali ya China inayodai Taiwan ni yake, tangu Januari. Bunge la Marekani likakataa kuiacha Taiwan mikono mitupu, likaandika kwamba Washington itaipatia silaha za kujihami. Kwamba askari wa Marekani watakwenda kuipigania, sheria haisemi. Wengi huona huo ni ujanja. Kwangu ndiyo busara yenyewe, maana Taiwan imelazimika kujilinda. Inalipia silaha zake: mwaka 2019 ilikubaliwa kununua ndege 66 za kivita za F-16, kwa takriban dola bilioni 8 (nazo zimechelewa mno, wana haki ya kununa). Tangu 2024 vijana wao wa kiume wanatumikia jeshi mwaka mzima badala ya miezi minne. Jirani amewauzia kufuli, kukesha ni juu yao.

Sisi Somalia tulikwenda kukesha wenyewe. Jeshi letu, UPDF, lilitangulia Mogadishu Machi 2007. Mei 2023 kambi yetu ya Buulo Mareer ikavamiwa na Al-Shabaab, na Rais Museveni mwenyewe akatangaza kwamba askari 54 wameuawa.

Jirani yangu hapa Bombo, afande mstaafu, hataki kunisikia. "Wewe hukuwepo," ananiambia. "Mle ungemuuzia nani silaha? Jeshi lenyewe liko wapi?" Kweli, Somalia ya 2007 si Taiwan, yenye viwanda na inayomchagua rais wake kwa kura tangu 1996. Kwa miaka ya mwanzo namkubalia. Ila kuanzia 2010 askari wa Kisomali walikuwa wakifunzwa hapa hapa kwetu, Bihanga, chini ya mpango wa Umoja wa Ulaya. Nguvu zetu zingeelekezwa huko zaidi, na kila kikosi kinachohitimu kikapokea kambi moja kutoka kwetu.

"Askari asiye na mshahara," afande akanijibu, "hata umfunze vipi, ataiuza bunduki." Basi na mshahara wao uingizwe kwenye mkataba, kabla hatujapeleka kikosi kingine.